Alama za mwamba: nani aambiwe, lini, na kwa haki gani

Tangu kaskazi ianze kuvuma, wasomaji watatu wameniuliza swali moja kwa maneno tofauti: kwenye mashindano ya kuvua, ni haki mshindani kuonyeshwa na mtu mwingine mahali walipo samaki? Na huyo aliyeonyesha, yeye ana haki gani? Nimekawia kujibu kwa sababu swali lenyewe liliwahi kunikuta nikiwa karani wa mizani, nikashindwa kulijibu mbele ya watu.

Yalikuwa mashindano madogo ya kijiji kimoja huku kwetu visiwani. Jina la kijiji nitaliacha, maana wahusika wako hai na ni watu wa heshima. Vyombo vilikuwa kumi na vitatu, kuanzia alfajiri hadi adhana ya alasiri. Mshipi tu, nyavu haziruhusiwi. Zawadi zilikuwa mbili: ya uzito wa jumla wa samaki wa mwambani, na ya nguru mmoja mkubwa. Karatasi ya kanuni ilikuwa na mistari kumi na mmoja, nami ndiye niliyeiandika. Yote ilihusu ndoana, chambo, saa ya kuondoka, saa ya kurudi na mizani.

Chombo kilichoshinda kwa uzito kilikuwa boti ya mashine ya wageni kutoka Nairobi. Walikuwa wamemkodi kijana wa hapo hapo kijijini kwa siku moja. Aliwapeleka moja kwa moja juu ya mwamba ambao ami yake amekuwa akiuvua tangu kijana hajazaliwa. Ami alipofika na mashua yake, kwa tanga, alikuta nanga imeshatiwa. Akazunguka, hakusema neno, akaenda kuvua kwingine. Alirudi na changu wachache.

Maneno yalitoka ufukweni, wakati wa kupima.

"Ami, wallahi sikuwauzia kitu," kijana alisema. "Waliniambia niwaongoze, nikawaongoza."

"Mwanangu, nilipokutia chomboni ulikuwa na miaka tisa. Sikukuonyesha pale upate ujira wa siku moja."

Mmoja wa wageni, muungwana kwa kweli, aliuliza ni kanuni gani iliyovunjwa. Nikapekua karatasi yangu. Hakuna. Kamati ikaamua matokeo yabaki vile vile, nami niliunga mkono, kwa sababu huwezi kumnyang'anya mtu ushindi kwa kanuni ambayo hukumwambia. Lakini usiku ule nilifahamu jambo ambalo hata ami hakulitaja. Ile boti ilikuwa na jipiesi. Mwamba ulikwisha kuwa pointi ndani ya mashine, na mashine ilikuwa njiani kurudi Nairobi.

Kinachofichwa ni nini hasa

Wasomaji wetu mlioko Mombasa, Nairobi na Uarabuni huenda mmeanza kusahau, kwa hiyo nianze mwanzo. Mwamba wa kuvulia hauonekani juu ya maji. Mvuvi anaujua kwa alama za nchi kavu, na alama moja haitoshi. Huchukua vitu viwili vilivyo upande mmoja, kimoja cha karibu na kimoja cha mbali, akasogeza chombo mpaka kimoja kikae mbele ya kingine sawasawa. Huo ni mstari wa kwanza. Kisha hutafuta jozi nyingine upande mwingine. Mistari miwili inapokatana, chini yake pana mwamba. Kwa mfano: mnara wa msikiti wa Ijumaa wa Shela ukae katikati ya vilima viwili vya mchanga vilivyo nyuma yake, na ncha ya Manda ifunike mti fulani. (Mfano huu nimeubuni. Msiende kutia nanga.)

Hapo ndipo bildi inaposhushwa, ile risasi nzito iliyofungwa kwenye kamba yenye kupimwa kwa pima, na chini yake imepakwa sabuni au mafuta. Ikirudi na mchanga, umekosea. Ikigonga jiwe na kurudi safi, umefika.

Lakini mahali ni chini ya nusu ya elimu yenyewe. Ule mwamba unaotoa chewa maji mafu huenda usitoe kitu wakati wa bamvua, maana mkondo unakuwa mkali hata mshipi haufiki chini. Kuna mahali samaki hula kwa muda mfupi tu maji yanaposimama, kati ya kupwa na kujaa, na asiyejua saa hiyo atakaa pale kutwa na kulaumu chambo. Kisha kuna upepo. Kusi ikishika, vyombo vidogo havithubutu kutoka nje. Watu huvua ndani ya milango, baina ya visiwa na kando ya mikoko. Kaskazi ikiingia, bahari ya nje hufunguka, na nguru, jodari na sulisuli hutafutwa kwa kurambaza. Mtu aliyeambiwa mahali bila kuambiwa maji, upepo na mwezi, ameambiwa nusu.

Elimu hii hutolewa polepole. Kijana huanza kwa kufua maji na kushika makasia. Baadaye hupewa mshipi. Siku moja nahodha humwambia atazame nyuma, aseme anaona nini juu ya nini. Hakuna anayemlisha kiapo, lakini yeye mwenyewe anajua kwamba amekabidhiwa amana. Ndiyo maana chombo kilicho juu ya mwamba mzuri hung'oa nanga tanga la mtu mwingine linapochomoza, na ndiyo maana ukimuuliza mvuvi wa Kizingitini au Faza alivua wapi, atakujibu "nje", neno ambalo si uongo wala si jibu.

Wazee hutofautisha mambo mawili ambayo sisi vijana wa zamani huyachanganya. Bahari si ya mtu. Anayefika juu ya mwamba kwa kubahatisha, au kwa akili yake, atavua na hakuna wa kumfukuza. Alama ndizo zenye mwenyewe. Ami wa kisa changu hakudai mwamba. Angedai mwamba angemfukuza yule mgeni. Alidai kile alichomfundisha mtoto wa nduguye.

Kanuni za wenzetu

Chama cha kimataifa cha uvuvi wa michezo, IGFA, kilianzishwa mwaka 1939, na kanuni zake ndizo zinazofuatwa na wengi wanaoshindana kuvua sulisuli na jodari, pamoja na huku kwetu pwani ya Kenya. Ukizisoma utaona zimetungwa kwa uangalifu mkubwa juu ya mkono wa mvuvi. Samaki akishaguswa na ndoana, mtu mwingine akigusa fimbo au mshipi mkuu kabla ya wakati wake, rekodi imeharibika. Mvuvi apigane na samaki wake peke yake. Lakini kama nahodha wa boti ndiye aliyejua wapi pa kwenda, saa ngapi, na chambo gani, hilo halihesabiwi kuwa msaada. Jina linaloandikwa kwanza ni la aliyeshika fimbo.

Waliojaribu kulitungia kanuni swali la habari ni Wamarekani wanaoshindana kuvua besi, samaki wa maziwani ambaye sisi Wakenya tunamjua kutoka Naivasha, alikopandikizwa miaka ya 1920. Mwaka 1967 mtu mmoja aitwaye Ray Scott aliitisha mashindano katika ziwa Beaver, jimbo la Arkansas, na mwaka uliofuata akaanzisha chama cha B.A.S.S. Mwaka 1971 alipoandaa fainali yao kubwa ya kwanza, aliwapandisha washindani 24 kwenye ndege bila kuwaambia wanapelekwa ziwa gani. Walijulishwa wakiwa angani kwamba ni ziwa Mead, Nevada. Kwa njia hiyo hakuna aliyepata nafasi ya kwenda kuwahonga wenyeji kwa chai na maswali.

Siku hizi hawafichi ziwa. Katika ngazi yao ya juu wana kanuni nyingine: ukifika muda uliowekwa, mshindani haruhusiwi kuomba, kununua wala kupokea kutoka kwa mtu yeyote habari ya wapi samaki wako au wanakamatwaje, pamoja na pointi za jipiesi. Habari iliyo wazi kwa kila mtu inaruhusiwa, na alichokiona kwa macho yake mwenyewe pia. Washindi hupimwa kwa mashine ya kugundua uongo. Sisi tuna yamini, na sina hakika ni ipi inayoogopwa zaidi.

Mwaka 2022, katika mashindano ya ziwa Erie, wavuvi wawili walikamatwa wakiwa wametia vipande vya risasi ndani ya samaki ili wazidi uzito. Samaki walipasuliwa mbele ya watu, na mwaka uliofuata walihukumiwa siku kumi jela. Wizi wa mizani una dawa, ni kisu. Habari iliyonong'onwa usiku haipasuliwi.

Kwa nini hatuwezi kunakili tu

Kanuni ya Wamarekani inatazama haki baina ya washindani wanaofanana: wote wageni wa ziwa, wote wana boti na mashine za aina moja. Kwetu mshindani mmoja ana tanga na alama za baba yake, mwingine ana mashine mbili nyuma na kioo kinachoonyesha samaki chini ya maji. Nimesikia ikisemwa kwamba mwenyeji akivua mwamba wa ukoo anawadhulumu wageni. Sikubali. Kwenye mashindano ya mashua hapa Lamu njia ni moja kwa wote, lakini nahodha anayejua mkondo unageuka wapi ndiye anayetangulia, na hakuna aliyewahi kupendekeza nahodha wa Matondoni afungwe macho. Kujua ndio ustadi wenyewe. Ukiruhusu kioo kwa sababu kimenunuliwa, huna hoja ya kukataza alama kwa sababu zimerithiwa.

Kosa haliko kwenye kujua. Liko kwenye kupitisha, na kwenye kile kinachobaki baada ya kupitishwa. Kijana akimwongoza mgeni kwa alama, mgeni akirudi mwakani bila kijana atapotea. Akimwongoza huku jipiesi imewashwa, mgeni hamhitaji tena kijana, wala ami, wala kijiji. Anaweza kuituma ile pointi kwa WhatsApp kabla samaki hawajafika mizani.

Historia yetu inalo funzo lake. Mwaka 1498 mtawala wa Malindi, aliyekuwa na ugomvi na Mombasa, alimpa Vasco da Gama rubani wa kumvusha hadi Calicut. Kwa Malindi ilikuwa siasa ya siku moja. Mwaka 1506 Wareno walikuwa mbele ya Lamu wakidai kodi. Silinganishi wageni wetu wa fimbo na Wareno, hasha. Nalinganisha jinsi habari ikishatoka isivyorudi.

Sheria inasemaje

Katiba ya 2010, kifungu cha 69, inaitaka Serikali ilinde maarifa ya asili ya jamii kuhusu viumbe na mazingira yao. Ikafuata Sheria ya Ulinzi wa Maarifa ya Jadi na Tamaduni, namba 33 ya mwaka 2016. Hiyo inalinda maarifa yaliyopitishwa kizazi hadi kizazi ndani ya jamii na yanayotambulikana kuwa ya jamii hiyo. Anayetaka kuyatumia kutoka nje anatakiwa apate ridhaa ya wenyewe kabla, wakiwa wamefahamishwa, na faida igawanywe. Serikali za kaunti zimepewa kazi ya kuyasajili. Sheria hiyo haizuii wenyewe kupeana kwa desturi yao.

Je, alama za mwamba zimo? Kwa maoni yangu, elimu nzima ya alama, maji, upepo na mwezi inaingia bila shida. Pointi moja ya jipiesi ikichomolewa peke yake, wakili atabishana nayo mpaka magharibi. Na sipendekezi twende kusajili miamba kwa orodha. Daftari la siri likishaandikwa, kuna atakayelisoma.

Upande wa pili wa shilingi ni kwamba tuna haki ya kuambiwa pia. Wavuvi wa Lamu walipokwenda mahakamani kuhusu bandari ya LAPSSET, Mahakama Kuu ya Malindi iliamua tarehe 30 Aprili 2018 kwamba haki zao zimevunjwa, ikiwemo haki ya kupata habari, na ikaagiza walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Serikali ilikuwa na habari iliyogusa maisha yao, na ikakaa nayo. Kwa hiyo tusiseme kila habari ya bahari ni siri. Jedwali la maji, utabiri wa hali ya hewa wa baharini, ramani, mipaka ya hifadhi ya Kiunga, hizo ni za kila mtu, na kamati inayowanyima wageni nayo inadhulumu.

Kuna pia BMU, vikundi vya usimamizi wa fukwe vilivyowekewa kanuni mwaka 2007. Mwandalizi yeyote wa mashindano anayepita bila kuongea na BMU ya mahali hapo amekosea hatua ya kwanza.

Yasiyosemwa kwa yeyote

Kuna habari ambayo, kwa rai yangu, haifai kutolewa hata kwa malipo, hata kwa jamaa, siku ya mashindano. Ni mahali pa kuzaliana. Chewa ni samaki wa upweke, lakini wakati wa kutaga baadhi yao hukusanyika kwa wingi mahali pamoja, mwezi ule ule, mwaka baada ya mwaka. Anayejua mahali hapo na siku hizo anaweza kushinda mashindano yoyote kabla ya adhuhuri. Anaweza pia kumaliza samaki ambao wavuvi wa eneo zima wangewavua miaka kumi, kwa sababu waliokusanyika pale wametoka mbali. Mtu akipeleka mizani chewa wengi wakubwa, wote wana mayai, mimi kama karani huuliza maswali.

Waliofunga maeneo ya pweza kule Pate wanajua shida ya jirani na hii. Eneo likifungwa miezi kadhaa, kila mtu anajua lilipo na siku litakapofunguliwa. Siku hiyo waliovumilia na wasiovumilia hufika pamoja. Ufunguzi usio na utaratibu humpa zaidi mwenye boti ya kasi kuliko mama aliyelinda mwamba kwa miguu.

Kanuni tulizoandika mara ya pili

Mwaka uliofuata tulikaa usiku mbili, mimi, nahodha wawili, mtu wa BMU, na yule ami mwenyewe. Kijana alialikwa, akaja usiku wa pili.

Tulianza na usalama, na hapo hatukubishana. Habari ya hatari haina siri: fungu lililo chini ya maji, mlango usiopitika kusi ikiwa kali, upepo unaokuja. Anayeijua ni wajibu amwambie kila mtu, pamoja na mshindani wake, saa yoyote. Asiyemwambia mwenzake anatolewa. Habari ya wazi husomwa kwa wote jioni ya kuamkia mashindano, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza.

Kisha tukaweka mpaka. Kuanzia siku saba kabla, mpaka samaki wapimwe, hakuna mshindani kuuliza wala kupokea habari ya walipo samaki kutoka kwa mtu asiye chomboni mwake. Simu baharini ni za dharura. Watu wa kila chombo wanaandikishwa wiki mbili kabla, majina kamili, hakuna kuongezwa mtu alfajiri.

Kiongozi mwenyeji anaruhusiwa kukodiwa. Ami alipinga, lakini nahodha wote wawili walisema vijana wanahitaji kazi, na kijana alisema hivyo hivyo kwa sauti ndogo. Ila kiongozi ni mshindani kamili: jina lake linasomwa pamoja na la mshindi, na fungu lake la zawadi linaandikwa kwenye karatasi kabla ya kuondoka. Naye anatoa yamini kwamba alama atakazotumia ni zake, au amepata ruhusa ya aliyemfundisha kama yu hai.

La jipiesi lilikula usiku mzima. Huwezi kumkataza mtu chombo cha kumrudisha nyumbani. Tuliishia kukubaliana kwamba kila boti yenye kiongozi wa kukodi itatumia kifaa cha kamati, na pointi zitafutwa mbele ya kiongozi wakirudi. Najua kuna simu mfukoni, na simu nayo inaandika pointi. Tulilijua hilo tukaandika hivyo hivyo, kwa sababu mwenye kuvunja sasa atakuwa anajua anavunja.

Ada ya kuingia tuliifuta, zawadi zikatoka kwa wafadhili, ili lisije swali la kamari. Hilo waulizeni mashekhe, mimi siingii.

Boti moja ya wageni ilikataa masharti, ikaondoka. Nyingine ilikubali, ikawa ya tatu, na kiongozi wao akapanda jukwaani pamoja nao. Ami alishindana. Safari hii hakuna aliyemtangulia.

Palibaki jambo moja. Baba alikuwa na chombo chake, mwanawe na chake, na mwamba waliokuwa wakiuvua pamoja miaka kumi ni mmoja. Hakuna aliyeambiwa ndani ya siku saba, hakuna aliyekodiwa, yamini ya mwana ilikuwa safi. Baba aliona wengine watasema wamepanga, akakaa nyumbani. Ilipofika alasiri alikuja ufukweni kutazama mizani, na mwanawe hakuwa na samaki wa kushinda. Kamati itakaa tena kabla kaskazi haijaisha, na mstari unaohusu watu wa nyumba moja bado haujaandikwa. Mwenye pendekezo aniletee, likiwa limeandikwa.